Hodi ya Sehemu ya Kumi na Moja

Fundi Mwinshehe wa Temeke alikuwa na kazi mbili, kushona kanzu na kubishana, na kwa kubishana alikuwa fundi zaidi. Mwaka ule wa hamsini na sita, redio ilipoanza mchezo wa Nyumba ya Kondo kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, alipata kazi ya tatu. Hakukosa sehemu hata moja. Alisikilizia kwenye hoteli ya Salumu, ambako redio ya betri ilikaa rafuni juu ya mikate, amesimama mlangoni na futi yake shingoni, na ole wake ambaye angekohoa.

Wateja wa Salumu walikuwa na sehemu yao waipendayo. Ni ile ya saba, Kondo alipotumbukia kisimani na mbuzi wa watu. Siku ile walicheka mpaka chai ikamwagika, na tangu hapo mtu akitamka tu "mbuzi", benchi zima linaanza upya. Mwinshehe aliiona sehemu hiyo ya kawaida sana. Mbuzi anamchekesha yeyote, alisema. Yeye aliing'ang'ania ya kumi na moja, ile ambayo wenzake wote waliizomea.

Katika ya kumi na moja hakitokei kitu. Kondo amegombana na mkewe, mke amekwenda kwao, Kondo anamfuata. Anatembea weee, unasikia viatu tu. Anafika, anapiga hodi. Kimya. Anapiga ya pili. Kimya. Anapiga ya tatu. Kimya tena, halafu kule ndani kiti kinalia kidogo, krr. Kondo anageuka, viatu vinaondoka, basi, muziki.

"Robo saa nzima nasikiliza viatu!" alilalamika Salumu. "Mchezo gani huo? Hata mie naweza kuucheza."

"Nyie hamkusikia kiti," alijibu Mwinshehe. "Kile kiti ndio mchezo wenyewe. Mke yumo ndani, anasikia, anataka kuinuka na hawezi. Mtunzi hakutaka kututafunia kama watoto."

"Kiti kimegongwa na mtu wa redio kwa bahati mbaya."

"Hakikugongwa!"

Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na wateja wakaangalia vikombe vyao, maana wote walijua. Mwajabu, mkewe fundi, alikuwa kwao Bunju, huu mwezi wa nane sasa. Walikuwa wamezika mtoto, binti wa miezi mitano, homa imemchukua kwa siku mbili tu. Matanga yaliisha siku ya tatu, na ya nne Mwinshehe alikuwa kwenye cherehani. Tangu hapo hakulitaja jina la mtoto yule hata mara moja. Si kwamba hakuumia. Aliumia mno, na aliogopa kwamba akifungua kinywa hataweza kukifunga. Mwajabu alivumilia siku arobaini, akafunga mzigo wake, akaenda.

Mwinshehe alimfuata mara moja. Akapiga hodi tatu kama inavyompasa Mwislamu, hakuitikiwa, akarudi Temeke. Sasa shemeji yake alikuwa ametuma salamu: kama humtaki, mwandikie talaka kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, dada yangu asikae kama nguo iliyosahaulika kwa fundi. Zilibaki siku kumi na mbili. Na fundi alimtaka mkewe. Alimtaka usiku na mchana, ila hakujua aanzie wapi.

Kesho yake Gozbert, karani wa posta aliyetoka Bukoba, alikuja kupimwa suruali. Yeye pia alikuwa mpenzi wa mchezo ule.

"Fundi, hiyo ya kumi na moja mie nakuunga mkono," alisema, mikono juu. "Palipoharibika ni mahali pamoja tu. Yule mwigizaji alisahau maneno yake, eti? Mbona aliishia hodi ya tatu?"

"Hakusahau. Ndiyo sheria. Ukipiga tatu usiitikiwe, unarudi."

"Loo! Kwetu unakaa uani mpaka watoke. Unaondokaje na mtu unajua yumo ndani?"

"Sheria ni sheria, bwana."

"Haya, sibishi. Nataka kujua tu. Hizo tatu ni za siku ile, au ni za maisha? Kondo akirudi kesho yake si anaanza moja?"

Mwinshehe akaishusha futi yake. Miezi minane alikuwa ameihesabu ile hodi ya tatu kuwa ya mwisho, na hakuna mtu aliyemwambia hivyo ila yeye mwenyewe. Aliona haya, akapima kiuno cha Gozbert mara mbili bila sababu.

Jumamosi alipanda basi la Bagamoyo, akashuka Bunju. Njia nzima alijipanga. Alikuwa na hodi tatu za leo, na kama hazitoshi angekuja na tatu za kesho. Alipofika uani akaita ya kwanza.

"Karibu," sauti ya Mwajabu ikajibu palepale, kama anavyokaribishwa mtu yeyote.

Alikuwa amekaa mkekani anapepeta mchele. Akamsogezea kigoda na maji ya kunywa, wakasalimiana, akarudi kwenye ungo wake. Mwinshehe akanywa maji yote. Alipotafuta neno, ulimi ukakimbilia ulikozoea.

"Nyumba ya Kondo mnaisikiliza huku?"

"Kaka ana redio. Tunaisikiliza."

"Ile ya kumi na moja umeionaje?"

Ungo ukasimama. "Mbovu kuliko zote."

"Mwajabu! Hukukisikia kiti?"

"Nilikisikia, na ndicho kilichoniudhi. Mwanamke ana mdomo wake, anapewa kiti kimsemee! Nyie wote mnamhurumia aliyesimama nje na viatu vyake. Nani ameuliza yule wa ndani ana nini?"

Mwinshehe, ambaye angeweza kubishana na muuza nyuzi kutwa nzima, alikigeuzageuza kikombe kitupu cha maji. Miezi yote ile aliisikiliza sehemu moja kwa sikio la aliye nje tu.

"Na angepewa maneno," akauliza polepole, "angesema nini?"

"Angesema, Kondo umemsemea, kiti umekisemea, Temeke nzima inakujua kwa maneno. Mwenetu je? Si alikuwa na jina? Siku arobaini nalingoja litoke kinywani mwako. Halafu ukaja hapa. Nilijua ni wewe. Hodi, hodi, hodi! Nikakaa nangoja neno jingine, nikasikia unaondoka."

Mwinshehe aliinamisha kichwa. Kile alichokiogopa kilikuwa kinakuja, hakuna pa kukikwepa.

"Mwamvita," akasema.

Machozi yakamtoka mbele ya mkewe, mchana kweupe, na hakuyafuta. "Mwamvita," akasema tena.

Mwajabu akaweka ungo chini.

"Endelea," akamwambia.