Kila Mtu Anajua

Mfagizi wa hospitali aliingia kizimba cha mashahidi akiwa amefunga kilemba vizuri, kama mtu anayekwenda harusini. Upande wa pili, alipokaa mshtakiwa, palikuwa na hakimu mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Kila-Mtu-Anajua, kwa sababu hakuwahi kusoma hukumu bila maneno hayo. Sasa alishtakiwa yeye, kwamba alimsukuma mkewe ngazini.

Maneno hayohayo ndiyo yaliyommaliza mdogo wa mfagizi, fundi baiskeli. Mke wa fundi huyo aliteleza bafuni akafa, na majirani walipofika walimkuta fundi uani, kimya, anaziba pancha ya baiskeli ya marehemu. "Kila mtu anajua," hakimu alisoma siku ile, "mume asiye na hatia hulia." Fundi akafungwa, akafia ndani. Dada yake aliyameza machungu hayo, lakini hayakushuka.

"Mama, ulikuwa wapi?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Napiga deki, mlangoni pa chumba alicholazwa marehemu."

"Daktari alipomwambia mshtakiwa mkewe amefariki, alilia?"

"Hata chozi."

Watu waliokaa nyuma wakaguna. "Makubwa!" mmoja akanong'ona. "Lile jiwe, si mtu."

Mfagizi alikuwa ameona zaidi. Alimwona mzee akipiga magoti, akizitoa kandambili za mkewe chini ya kitanda, akizifuta kwa leso yake na kuzipanga zikitazama mlango, kama za mtu atakayeamka aende zake nyumbani. Kilio cha namna hiyo alikijua. Alikiona kwanza mikononi mwa mdogo wake. Lakini hakuulizwa hilo, naye hakuwa na haraka.

Mzee akamvuta wakili wake joho. "Mwulize nilifanya nini baada ya hapo. Aliniona."

"Tulia, mzee wangu. Mdogo wake ulimfunga wewe. Huyu atakuchochelea moto tu, kila mtu anajua." Wakili akainuka. "Sina swali, mheshimiwa."

Mfagizi nusura acheke.

"Una la kuongeza, mama?" hakimu wa kesi hiyo aliuliza.

Mzee alimkodolea macho. Mfagizi akamwacha asubiri. Akajipangusa jasho la shingoni, taratibu, akakunja kitambaa chake.

"Sina, mheshimiwa."

Akashuka. Alipompita mzee, aliinama kana kwamba anafunga kiatu, akasema kwa upole:

"Mdogo wangu naye, mzee, alikuwa analia. Walimkuta anaziba pancha."

Mzee akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika. Machozi yakapenya katikati ya vidole.

"Mnamwona?" sauti ikatoka nyuma. "Sasa ndiyo analia! Ameona maji yamemfika shingoni."

Mfagizi akatoka nje bila kugeuka.