Waliomtafuta Tecla

Tecla alikwenda kuripoti siku ya soko, ili aonekane kama mtu aliyetoka kununua sukari. Alifuatana na Chelangat, jirani yake wa Kiptere, mama mtu mzima aliyemsimamia siku ya harusi. Mkono wa kushoto wa Tecla ulikuwa umefura, hata kuchuma chai hakuweza.

Kituoni walipelekwa kwenye dawati la jinsia, chumba kidogo chenye pazia la maua. Askari wa pale aliitwa Christabel, mwanamke wa upande wa ziwani, mwenye sauti ya chini. Aliwapa viti, kisha akamgeukia Chelangat.

"Mama, naomba utusubiri nje kidogo."

"Abaki," Tecla akasema haraka. "Huyu ni kama mama yangu."

Hakulipenda ombi lile. Kwa nini askari atake kubaki naye peke yake? Mumewe, Kipkurui, aliendesha lori la majani chai, na maaskari wengi wa barabarani aliwaita kwa majina yao ya nyumbani. Hata hivyo Tecla alieleza: mumewe alimpiga na mpini wa jembe, na haikuwa mara ya kwanza. Christabel aliandika, akampa fomu ya P3 apeleke hospitalini daktari aijaze, akamwambia kuna nyumba ya siri ambako angeweza kukaa na binti yake Nelvine mpaka kesi isikilizwe. Tecla akasema atafikiria.

Jioni hiyo Kipkurui alirudi, akala ugali na mboga, akanawa mikono.

"Ulimwambia afande nilikupiga na mpini wa jembe," akasema polepole, kama mwalimu anayesahihisha hesabu. "Haukuwa wa jembe. Ulikuwa wa shoka. Ukienda tena, sema vizuri."

Hakumgusa. Hilo ndilo lililomtisha Tecla zaidi.

Kesho yake Christabel alipiga simu. Ulifika hospitali? Uko salama? Unaweza kuongea? Kila swali lilimfikia Tecla kama mkono unaopapasa gizani kumtafuta. Alijibu ndiyo, ndiyo, hapana, akakata.

Chelangat naye akaja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, akakaa jikoni. "Si umeona, Mama Nelvine? Polisi ni watu wa mume wako. Yule mwanamke alikuwa anaandika, anaandika tu. Kaa kwako utulie."

Tecla akaitikia. Lakini baadaye, akikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, alijikuta akiwapitisha kichwani waliokuwa mle chumbani kituoni alipotaja mpini wa jembe: yeye mwenyewe, afande, na Chelangat. Aliona aibu kumweka Chelangat humo. Hata hivyo hakumtoa.

Akangoja siku ambayo lori lingekwenda mbali. Asubuhi alimpigia Christabel, akamwambia anatorokea kwa senge yake, dada ya baba yake, kule Ndanai. Kisha akavuka ua, akamnong'oneza Chelangat kwamba anakwenda Chebunyo kwa kaka yake Kiplimo. Chelangat alimkumbatia muda mrefu. Jamaa wote wawili Tecla alikuwa ameshawapigia: mtu yeyote akija kumuulizia, wasimwambie lolote, wampigie simu.

Hakwenda Ndanai wala Chebunyo. Alimchukua binti yake Nelvine, akaenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, kwa Ayoo, mama aliyemuuzia samaki sokoni kwa miaka mingi. Ayoo alimtazama mkono, akamtazama usoni, akamwekea mtoto chakula. Hakuuliza kitu.

Siku ya pili Kiplimo akapiga.

"Mume wako yuko hapa langoni," akasema akihema. "Hajauliza kama uko. Ameuliza unalala nyumba gani. Majirani wamekuja, tumemzuia."

Tecla aliketi kitandani kwa Ayoo. Habari ya Chebunyo alikuwa amempa mtu mmoja tu. Hata kabla hajalia, simu ikalia tena. Alikuwa senge.

"Kuna askari mwanamke alikuja hapa."

Tecla akainuka kitandani. Kumbe wote wawili ni watu wa Kipkurui. "Ulimwambia nini?"

"Nilisema sijakuona. Nikadhani atanifokea. Aliuliza tu kama wewe hupiga simu ukisafiri. Halafu akasema, 'Akikupigia, usiniambie aliko, hata mimi. Mwambie tu nipo, anitafute akitaka.'"

Tecla alimfanya arudie maneno hayo. Akayachunguza kila upande akitafuta mtego uliofichwa ndani yake. Hakuuona. Bado, alipompigia Christabel, alitumia simu ya Ayoo, wala si yake.

"Afande, nilikudanganya."

"Nilijua nilipofika Ndanai," Christabel akasema. "Wengi hunidanganya mwanzoni. Uko salama?"

"Ulijua ni Chelangat anayempelekea mume wangu habari?"

"Hapana. Mimi humwomba kila mtu abaki peke yake, hata akija na mama aliyemzaa. Watu hukasirika, kama wewe ulivyokasirika."

Tecla aliandikisha maelezo mapya, safari hii akaeleza na jinsi Kipkurui alivyomsahihisha. Mumewe alikamatwa kwenye kituo cha kupokea majani chai, mbele ya wakulima waliokuwa wakipima. Mahakama ikamzuia kumkaribia Tecla wala kukanyaga nyumbani mpaka kesi iishe, na Tecla akarudi kwake Kiptere. Christabel alizoea kupita, akisimama nje ya ua mpaka aitwe. Tecla alimwita kila mara, ingawa kwanza alichungulia dirishani kuona kama amekuja peke yake.

Chelangat alikuja mara moja tu, akasimama nje ya lango.

"Ulimwambia," Tecla akasema.

"Nilimwambia. Nilitaka akurudishe, nyumba isivunjike."

"Angeniua, Mama."

Chelangat akasogeza kitambaa cha kichwa. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu pana, la zamani. "Mume wangu Lazarus alinifanya hivi kabla wewe hujaolewa huku. Hakukuwa na dawati wala afande wa kuniuliza kama niko salama. Nilikaa. Nilipokuona unatoka, ilikuwa kama unaniambia nilikaa bure."

Tecla alishika komeo la lango. Alitaka kulifungua, mkono ulikuwa umeshapona na ungeweza.

"Nikikufungulia," akauliza, "tutakayoongea utampelekea nani?"

Chelangat akarudisha kitambaa juu ya kovu. Mvua ya mchana ikaanza kushuka kutoka upande wa msitu, na Tecla akaliachia komeo, akageuka kwenda kuingiza ndama.