Chumba Chenye Picha za Bata

Marobota ya vitambaa yalihamishwa alfajiri, sakafu ikapigwa deki, na chumba cha watoto pale kiwandani kikafunguliwa. Mshona kola aliingia na binti yake wa mwaka na nusu mgongoni, akasimama kuwatazama bata waliochorwa ukutani. Miaka minne ameshona kola za mashati pale, na bata hao hakuwahi kuwaona.

"Wageni wa ukaguzi wakiuliza, watoto hushinda humu kila siku," msimamizi aliwaambia kina mama. "Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi," alijibu mpiga pasi. "Hata bata wameelewa."

Wanawake walicheka chinichini.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti laini. Alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, akachota uji kwa kijiko, akaupuliza, akampa mtoto wa mshona kola. Mtoto alifungua mdomo, akameza. Kisha akajilaza chali, akafumba macho, akangoja usingizi. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Jamani, katoto katulivu haka," mkaguzi alisema huku akiandika. "Ndivyo alivyo siku zote?"

Mshona kola alikitazama kile kijiko. Nyumbani mtoto hunywa uji kwa kikombe. Kijiko amekijulia kwa Bibi Bembea, mlezi wa mtaani, anakoshinda na wenzake kumi na saba. Akaikumbuka chupa ya dawa ya kikohozi kwenye dirisha la bibi. Mtoto hajakohoa tangu mvua ziishe.

Msimamizi alikuwa akimtazama.

"Ndiyo, mama," mshona kola alimjibu mkaguzi. "Mpole tangu azaliwe."

Mchana wageni waliondoka, marobota yakarudishwa.

Kesho yake, mlangoni kwa Bibi Bembea, mshona kola aliyatoa maneno aliyoyapanga njia nzima.

"Shikamoo, bibi. Naomba usimpe tena ile dawa."

Bibi hakukana. Alimpokea mtoto, akampangusa kamasi taratibu kwa upindo wa gauni lake mwenyewe.

"Wako kumi na wanane, mwanangu, na mikono yangu ndiyo hii miwili. Juzi mmoja alitambaa mpaka jikoni, kwenye moto, nikiwa namwosha mwenzake. Nimlaze, au nimwache aungue? Niambie wewe, nitafanya."

Akangoja, kama mtu anayeuliza kweli.

Mshona kola alichungulia jikoni. King'ora cha kiwanda kikalia. Anayechelewa hufungiwa geti, na aliyefungiwa mara mbili harudi tena.

"Basi mpe nusu," alisema, akaanza kukimbia.