Mikono ya Benitha

Jumatatu asubuhi, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, Edith alishindwa kufunga vifungo vya blauzi yake. Aliivuta, akaivuta tena, mwisho akaivua na kujitazama kwenye kioo. Chini ya mikono yake miwili ilikuwa imeota mingine minne, miwili kila upande. Akavaa sweta pana la mama yake, akanywa chai, akapanda bodaboda kwenda kazini Nkwenda.

Aliitambua njiani. Miwili ya juu kati ya ile mipya ilikuwa na kovu la kisu cha kumenyea ndizi kwenye dole gumba la kushoto. Hiyo ilikuwa ya Benitha. Ile mipana ya chini, yenye kucha zilizotafunwa, ilikuwa ya Celestin.

Mpaka Ijumaa iliyopita wote watatu walikuwa idara ya TEHAMA ya kampuni kubwa inayonunua kahawa Karagwe na Kyerwa. Mzani wa umeme ukigoma Kamuli, simu ya karani ikikataa kufunguka, mkulima akikosa malipo yake, ujumbe uliingia kwao na wao ndio waliotatua tatizo. Ijumaa jioni meneja wao, Bwana Lameck, aliwaita Benitha na Celestin, akawaambia kwamba makao makuu Dar es Salaam yamepunguza watu wa TEHAMA nchi nzima, akawapa mkono wa kwaheri. Watu husema aliyepunguzwa kazi amerudi nyumbani mikono mitupu. Hawa wawili waliamka Jumatatu bila mikono kabisa.

Lameck alimtazama Edith akipanda ngazi, akahesabu kwa macho.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa nawaza kazi zao atazifanya nani."

Akaagiza kibodi mbili za ziada na kiti kisicho na mikono, ili Edith apate nafasi. Mchana Edith alikwenda kwa Dusabe, fundi cherehani wa pale sokoni, kushonewa blauzi mpya.

"Mikono mirefu au mifupi?" Dusabe aliuliza, kamba ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mirefu."

"Yote?"

"Yote."

Wiki ile ya kwanza mikono ya Celestin ilikuwa na hasira. Ilimwaga chai juu ya kibodi. Ilikunja ngumi katikati ya kazi ikagonga meza. Edith aliibana mezani kwa mikono yake mwenyewe, huku ile ya Benitha ikiendelea kujibu ujumbe, mpaka ikachoka, ikalegea, ikaanza kuandika kama mingine. Celestin mwenyewe alipata kazi ya ulinzi kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko. Walimtundikia filimbi shingoni. Kila jioni mama yake, Nyirabageni, alimlisha kijiko kwa kijiko kabla hajaingia zamu, na watu waliopita waliwasalimia.

Mikono ya Benitha haikuwa na hasira. Ila kila ilipokaribia saa nne, saa ambayo zamani Benitha alishuka ngazi kwenda kumnyonyesha mwanawe aliyeletwa na bibi yake, mikono iliacha kuandika, ikajikunja pamoja hewani, ikawa inabembeleza kitu ambacho hakipo. Edith aliiacha ibembeleze kidogo, kisha akairudisha kwenye kibodi.

Siku moja saa ya chakula Benitha alikuja kutoka Kamuli. Mikono ya gauni lake ilikuwa imefungwa mafundo. Mama yake, Kokubanza, alikuwa amembeba mtoto.

"Shikamoo mama," Edith alisema.

"Marahaba mwanangu. Waitu, tumeleta mtoto ashikwe."

"Sikuja kugombana, dada Edith," Benitha alisema. "Kwangu halali. Kwa bibi yake halali. Anataka mikono aliyoizoea."

Kokubanza alimsogeza mtoto, naye Edith hakulazimika kufanya lolote. Mkono mmoja uliingia chini ya kichwa, wa pili ukazunguka mgongo, ukaanza kupapasa polepole. Mtoto alishusha pumzi, akalala. Mikono ya Celestin iliendelea na kazi, maana mzani mmoja Nyakatuntu ulikuwa umegoma. Benitha alikaa kwenye benchi akiitazama mikono yake kama mtu anayetazama nyumba yake ikikaliwa na wapangaji.

Wakawa wanakuja kila mchana. Siku moja Benitha alingoja mama yake ashuke kununua maji.

"Ukiacha kazi, si mikono itarudi?"

"Labda," Edith alijibu. "Au itaota kwa mtu mwingine, Mwanza au Dar, ambako hutafika na mtoto kwa bodaboda."

"Jaribu, dada."

Edith alitazama dirishani. Mama yake, Adventina, alikuwa Mwanza kwa shangazi, akisafishwa damu hospitali kwa sababu ya figo, na kadi ya bima aliyotibiwa nayo ilikuwa ya kampuni. Benitha alilijua hilo vizuri. Mwaka uliopita alikwenda kumjulia hali na mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe kutoka stendi.

"Ngoja kwanza mama apate nafuu."

"Sawa," Benitha alisema, ingawa wote wawili walijua ugonjwa ule hauna nafuu.

Haukupita muda makao makuu yakatuma pongezi: kazi ya watu watatu ilikuwa inafanywa na mmoja, tena haraka zaidi. Lameck alizisoma kwa sauti. Kisha alimgeukia Benitha, aliyekuwa pale na mtoto, akaongea naye kwa upole.

"Dada yangu, hivi ni vifaa vya kazi. Na wewe si mfanyakazi tena."

"Ni mikono yangu, bosi."

"Naelewa," Lameck alisema, akamfungulia mlango.

Baada ya hapo Benitha hakuja tena. Kahawa ilizidi kumiminika, Edith akawa anafanya kazi hata Jumapili, na kanisani nafasi yake kwenye kwaya ikachukuliwa na mwingine. Kuelekea mwisho wa msimu aligundua kwamba saa nne inafika na kupita, na mikono ya Benitha haiachi kuandika. Hakumwambia mtu. Kwa kweli siku ile aliona nafuu, maana kazi ilikuwa nyingi.

Msimu ulipokwisha, akiwa ametangazwa mfanyakazi bora wa kanda, alinunua sukari na sabuni, akaenda Kamuli. Kokubanza alimkaribisha vizuri. Jikoni ndizi zilikuwa zimeinjikwa. Mtoto alikuwa mkubwa sasa, anakaa mwenyewe kwenye mkeka, lakini alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mpe," Benitha alimwambia mama yake. "Mpe upesi."

Kokubanza alimweka mapajani mwa Edith. Mikono ilimpokea, ikampapasa kichwa na masikio kama inayotafuta kitu, ikamlaza kifudifudi, ikatulia. Kisha vidole vyote kumi vikaanza kumgonga mgongoni, vyepesi, vya haraka, bila kukosea.

"Inamchezea?" Kokubanza aliuliza.

Benitha alivitazama vidole vile. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu amalize chuo.

"Inaandika."

"Inaandika nini?"

Edith ndiye aliyemsomea Kokubanza, neno kwa neno, jinsi vidole vilivyokwenda: "Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri." Vilipomaliza vilianza upya.

Mtoto alipiga miayo, akafumba macho, akalala. Kokubanza alisema bora amelala, akaingia jikoni kutazama ndizi zake.

Benitha alisogea kwa magoti mpaka mapajani mwa Edith. Akainama, akalaza shavu lake juu ya mgongo wa mwanawe, na vidole, bila kupunguza mwendo, vikaendelea kuandika shavuni mwake.