Mkungu wa Kupewa

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko kwenye foleni ya ndizi za nchi nzima, nimejifunga kanga ya mke wangu na nimeshika sufuria tupu. Hakuna aliyenishangaa.

Lakini kwanza niseme nililalaje. Mke wangu, Anaeli, amejifungua juzi mtoto wa kike, na huku kwetu Kilimanjaro mzazi hula mtori: ndizi mshare na nyama, zimepondwa mpaka zinateleza kooni zenyewe. Bila mtori maziwa husuasua, na ya Anaeli yalikuwa yanasuasua kweli. Wa kupika alikuwa mama mkwe, naye miguu ilimvimba, akashindwa kusafiri. Nikasema, kwani kumenya ndizi ni kazi ya kusomea? Nikaingia kihambani, shamba letu la nyumbani, na panga. Sasa, mimi ni mwanaume wa Kichaga. Kahawa naijua mti kwa mti, ila migomba ni mali ya mwanamke, na tangu utotoni nimekuwa nikipita katikati yake kama mtu anayepita sebuleni kwa watu. Nikaangusha mkungu mnene kuliko yote. Ulikuwa wa ndizi za pombe.

Mtori ule ulikuwa na kakasi ya kufunga kinywa. Anaeli alionja kijiko kimoja, akatabasamu kwa adabu, akaweka bakuli chini. Mtoto akaendelea kulia. Mshare wetu wote ulikuwa bado mchanga kwa sababu ya ukame, na kila jirani niliyemuuliza alikuwa na kilio hichohicho. Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda nikiwaza nitatoa wapi mkungu mmoja tu, na usingizi ukanipitia hapohapo.

Foleni inaishia kwenye ghala. Mlangoni amesimama mzani wa kupimia kahawa, amevaa tai.

"Umekuja kuleta au kuchukua?" mzani ananiuliza.

"Kuchukua. Nina mzazi nyumbani."

"Kila mtu ana mzazi nyumbani. Ingia, usikanyage maganda."

Ndani, miaka yote ya nchi imekaa kwenye mabenchi. Kila mwaka ni mwanamke, na amepakata kikapu cha ndizi alizovuna zamu yake. Wanene wako mbele, wanajipepea. Wembamba wako nyuma, karibu na choo. Mzani ananieleza utaratibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuueleza: kila mwaka analeta alichovuna, zinaongezwa zilizoingia kutoka nje, zinaondolewa zilizovuka mpaka, zilizooza kwenye malori na walizokula ng'ombe. Zinazobaki ndizo ndizi za nyumbani, nazo hugawiwa watu wote sawasawa, kuanzia kikongwe hadi aliyezaliwa juzi.

"Aliyezaliwa juzi ni wangu," nasema, na moyo unatulia kidogo.

"Basi muone mgawaji. Anaitwa Bwana Wastani."

Bwana Wastani anakuja akitembea katikati kabisa ya ghala. Si mrefu wala si mfupi, si mzee wala si kijana, na ana watoto wawili na nusu. Yule nusu kamshika mkono. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia nusu.

"Mke wako ameshakula," akasema.

"Hajala, mzee."

"Kwa wastani amekula. Na ameshiba kiasi."

Nikamwambia mtoto analia. Alifikiri kidogo, maana si mtu mbaya. "Kwa wastani," akasema, "watoto wa nchi hii saa hizi wamelala."

Nikajishika tumbo, kwani na mimi sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi, nikakuta limejaa. Tumbo langu mwenyewe lilikuwa upande wake! Hapo nikaogopa hasa, kwa sababu mtu anayeweza kukushibisha bila kukulisha hana haja ya kukulisha.

"Fungu la mke wangu limekwenda wapi?"

Anafungua dirisha. Nje ni hoteli ya mjini, na bwana mmoja mwenye kitambi anasukuma pembeni sahani ya ndizi iliyobaki nusu. "Lile pale," anasema Bwana Wastani. "Anakula kwa niaba yenu." Yule bwana ananipungia mkono. Malezi ni malezi, nami nikampungia.

"Kama hukuridhika," mzani akasema, "waombe miaka wenyewe."

Nikajikaza, nikaanza na yule mnene kuliko wote, aliyevaa gauni jipya la kitenge.

"Mama, hukubakiza hata mkungu mmoja?"

"Ndizi hazilali, mwanangu. Zamu yangu watu walikula wakasaza, wakalisha mifugo, nyingine zikaozea barabarani. Kikapu kilipokwisha, hakuna aliyekumbuka kilikuwa na nini." Alisema bila ubaya wowote, akanipa ganda. Wa pili yake akaniambia hivyohivyo, ila yeye hata ganda hakuwa nalo.

Ghala limekuwa kihamba chetu. Mvua inanyesha, mabenchi yako palepale kati ya migomba, na Bwana Wastani analowa upande mmoja. Kwenye benchi la mwisho kabisa amekaa mwaka mmoja mwembamba hivi kwamba huoni vizuri kama yeye amepakata kikapu au kikapu kimempakata yeye.

"Mimi ndiye mwaka uliozaliwa wewe," anasema. "Mwaka wa jua kali. Wananiweka nyuma kwa sababu wakichora mstari wao, ukifika kwangu unaanguka."

"Basi wewe nisikusumbue, mama. Utanipa nini?"

"Mkungu mmoja ninao."

Nachungulia kikapuni. Kitupu.

"Uko wapi?"

"Panda kwenye mzani."

Mzani alikuwa ameshafika, ameishika tai yake isiguse tope. Nikapanda. Mshale ukacheza, ukatulia, naye akasafisha koo kama mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Mkungu mmoja, mshare. Kwao haukuvunwa. Haukununuliwa. Kutoka nje haukutoka." Akautazama tena mshale. "Ulipewa. Mimi vya kupewa sina pa kuviweka."

Bwana Wastani anasogea ili anigawe. Ananizunguka, anajaribu kwa kushoto, anajaribu kwa kulia. Anashindwa, anaomba radhi na kukaa chini.

"Mama yako alipokuzaa," mwaka mwembamba akasema, "kihamba chenu kilikuwa kimekauka, mama wa watu hana hata mshare wa kunusa. Ndeonasia, yule jirani wa ng'ambo ya mfongo, alikuwa na mkungu mmoja, na watoto wake wanaungoja. Akaukata, akavuka nao maji, akampikia mama yako mtori mwenyewe. Maziwa yakashuka. Nchi nzima ilikonda mwaka wangu, na wewe ukaota mashavu."

Hayo sikuyajua. Marehemu mama hakunisimulia, au alinisimulia nikiwa nawaza kahawa. Nililia kwa shukrani pale juu ya mzani. Maisha yote nimetembea na mkungu wa mtu mwilini, nimecheka nao, nimelima nao, nimeoa nao, huku najiona mwanaume aliyejitegemea.

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Nenda kashukuru. Utaombaje wa pili na wa kwanza hujaushukuru?"

Nikakimbia hadi kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, ambao kwa kawaida mbuzi anauruka. Sasa ni mpana, ng'ambo haionekani. Napiga kelele: "Aika, mae! Aika!" Ndivyo tunavyomshukuru mama kwa Kichaga. Maji yanasema, "Tumepokea, ongeza sauti." Naongeza. Bwana Wastani amenifuata na ananisaidia, kwa sauti ya kiasi. Napiga kelele za mkungu, napiga kelele za mashavu, napiga kelele za watoto wake waliolala bila kula siku ile, mpaka sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ng'ambo, "Nimesikia, jamani!"

Nikaamka. Kumepambazuka, Anaeli amekaa na mtoto kifuani, na mtu anabisha hodi.

Alikuwa Bibi Ndeonasia, na mgongo wake uliopinda, na chane za mshare kwenye kikapu. Nilijua migomba yake nayo michanga. Bila shaka ule ndio mkungu pekee uliokuwa umekomaa, na alikuwa ameukata. Nikafungua kinywa.

"Nyamaza, Nderumaki," akasema. "Umenishukuru usiku kucha ng'ambo ya mfongo mpaka ng'ombe wangu kasimama. Mtu hushukuru mara moja, inatosha."

"Mae, huyu hakutoka," Anaeli akasema kutoka kitandani. "Nilikuwa macho na mtoto. Alikuwa anakoroma kwenye kiti hicho."

Bibi akanitazama. Nikataka kumkaribisha, nikataka kujieleza, nikataka walau kusema shikamoo, na haikutoka hata herufi. Sauti yangu yote ilikuwa imekwisha.

"Ehee," Bibi akasema. "Lete kisu, umenye."

Nikakaa chini jikoni, nikamenya, yeye akinionyesha mshare unavyoshikwa. Anaeli amemaliza bakuli na kuomba jingine. Sasa ni jioni, mtoto ananyonya mpaka anahema, na aika ya mkungu wa leo ninayo bado kooni, nangoja sauti irudi.