Hongera kwa Fundi

Barua ilianza na neno Hongera, na nilipofika hapo damu ikanichemka.

"Soma basi," Fundi akasema. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati wazi, akisubiri nimfunge vifungo. "Soma kwa sauti. Macho yangu leo yana ukungu."

Leo! Ukungu huo una mwaka wa sita. Nikasoma. Shirika linampongeza mteja wake kwa kufikia kiwango cha kujitegemea. Kutokana na majibu yake mwenyewe kwenye tathmini, huduma ya asubuhi nyumbani kwake itakoma siku ya Ijumaa. Chini kulikuwa na sahihi ya mkurugenzi mtendaji na muhuri wa buluu uliopigwa sawasawa, haukupinda hata kidogo.

"Kwa hiyo nimefaulu," akasema.

"Umefaulu, mzee."

"Ibandike pale." Akanyoosha kidevu kuelekea ukutani, juu ya cherehani ambayo haijashona kitu tangu mkewe alipofariki. "Miaka themanini na moja, mwanangu. Suti za watu nimeshona, maharusi nimewavalisha, lakini cheti sijawahi kupewa na mtu."

Nikaibandika. Ningefanyaje? Nikarudi kufunga vifungo, vyote sita, haraka haraka kama kawaida, kwa sababu shirika linatupa dakika arobaini na tano kwa kila mteja, na ndani ya hizo umwogeshe, umvishe, umpikie uji na chai, uhakikishe dawa zimemezwa. Hiyo ndiyo kazi yangu, uhudumu wa nyumbani. Kwa Fundi nilikuwa na mwaka wa nne. Mikono yake hutetemeka mpaka kijiko kinagonga meno. Mtu huyo ndiye aliyeandikiwa kwamba anajitegemea.

Na nisijitakase, maana mkono wangu umo. Siku ya tathmini niliambiwa mgeni anakuja kutoka ofisini. Sasa mtu mzima anatembelewa na mgeni, utamwacha na fulana iliyomwagikiwa uji? Nilifika mapema. Nikamwogesha, nikamnyoa, nikamvisha koti lake la kijivu alilolishona mwenyewe, nikamfunga kamba za viatu, nikamkalisha kwenye kiti kilichonyooka. Alipendeza, hata mimi nilijisifu. Kisha mpimaji akaingia, binti mmoja mwenye adabu zake, akaniomba nisubiri nje ya pazia. Kanuni ni kanuni. Imebandikwa hadi kwenye mlango wa choo cha ofisi: USIMSEMEE MTEJA.

Maswali kumi na matatu. Unaweza kuvaa nguo mwenyewe? Naweza. Kuoga? Naweza. Kupika? Akacheka kidogo. Naweza, kwa nini nisiweze? Nilisimama nyuma ya pazia nimeuma kitambaa cha kichwa changu, maana ningefungua mdomo ningemsemea mteja. Binti akamtazama mzee nadhifu, kidevu laini, koti limepigwa pasi. Angeandika nini kingine? Nilimwandaa Fundi mpaka akafaulu.

Kutoka kwake sikwenda kwa mteja wa pili. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikampita mpokezi akiwa ameinua kalamu, nikafungua mlango wa mkurugenzi.

Tunamwita Mama Fomu, mbele yake na nyuma yake, na hakasiriki. Sitamsingizia: si mtu wa kuzaliwa kitini. Alianza kama mimi, na ndoo na sabuni, akapanda ngazi moja moja. Hiyo kanuni aliiandika wiki yake ya kwanza ya ukurugenzi. Alituhadithia jinsi alivyompeleka mama yake mzazi hospitali, daktari akazungumza naye yeye tu juu ya kichwa cha mgonjwa, kama kwamba mama ni mzigo uliowekwa hapo mezani. Akasema kwenye shirika lake mteja atajibu mwenyewe. Tulimpigia makofi siku ile. Mimi nilipiga nikiwa nimesimama.

"Dada, kaa," akasema.

"Sikai. Fundi umemfukuza kwa hongera."

Akavuta faili, akafungua. Alilisoma, hilo nalo nimpe. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Majibu ni yake. Amesema anaweza kila kitu."

"Mkurugenzi, binti wa umri wa mjukuu wake amemuuliza kama anaweza kuvaa suruali. Ulitaka aseme nini?"

"Ukweli."

"Ukweli! Wewe mama yako angemwambia nani ukweli huo?"

Akafunga faili. Nikajua nimegusa penyewe, na kusema kweli sikujuta.

"Nikianza kufuta majibu ya wateja kwa maneno ya wahudumu," akasema taratibu, "tutarudi kulekule. Kila mtu atakuwa na msemaji wake. Rufaa ipo, inachukua miezi mitatu. Na Alhamisi nakutana na bodi. Walioweza kujitegemea mwaka huu ni thelathini na saba, hatujawahi kufika huko."

"Walioweza au waliosema wanaweza?"

"Dada."

"Basi njoo kesho saa moja asubuhi. Kabla sijamgusa. Mimi nitasimama nje, sitamsemea hata neno. Uje uone huko kujitegemea kwa macho yako."

Nilidhani atanitoa nje. Akachukua kalamu akaandika saa moja kwenye kiganja chake, kama tulivyokuwa tukifanya zamani tulipokuwa wahudumu wote wawili na hatuna diari.

Asubuhi tulikutana mlangoni. Akabisha. Ndani tukasikia kiti kikiburuzwa, kitu kikaanguka, kimya, kisha tena kiti. Tulisimama muda wa kutosha chai kupoa. Mlango ulipofunguliwa nilitaka kulia. Inaonekana aliamka alfajiri kuvaa, maana aliambiwa anajitegemea na yeye ni mtu wa kutimiza. Shati alikuwa amelifunga upande mmoja juu, mwingine chini. Fundi! Mtu aliyewahi kumrudisha bwana harusi nyumbani kwa sababu ya pindo moja. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, wa pili na soksi.

"Shikamoo, baba," mkurugenzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Aa, umekuja kukagua? Naweza. Wewe kaa, nikupikie chai."

Nilibaki kizingitini, miguu nje, kichwa ndani. Kiberiti cha kwanza kilidondoka. Cha pili kikawaka, kikazima. Cha tatu kiliwasha jiko la gesi kwa mlio ulionirusha. Maji aliyamimina nusu kwenye birika, nusu mezani. Nikamtazama Mama Fomu. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti kilichonyooka, mikono magotini, anaangalia. Mwanamke yule anaangalia tu! Nikakohoa. Akainua kidole bila kugeuka, maana yake niache. Kanuni yake ilikuwa bado imemkaa kooni: mteja amesema anaweza.

Maji yakachemka. Fundi akanyoosha mkono kwenye mpini, mkono ukatetemeka ukapita, akalishika birika ubavuni palipo moto.

Hakupiga kelele. Ndilo linalonikera mpaka leo. Maji yalimwagika kwenye kiganja na kifundo cha mkono, birika likaenda chini, na yeye akasimama palepale midomo imebana, akasema, "Naweza. Limeteleza tu."

Kizingiti na kanuni vyote nilivisahau. Nilimshika mkono nikauweka kwenye maji baridi, na huku namtukana mkurugenzi mtendaji wa shirika linaloniajiri, kwa maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Ilibidi aungue ndipo aaminiwe? Miaka minne nimemvalisha mtu huyu, neno langu halina uzito wa birika moja? Mkurugenzi alikuwa amezima jiko, amepiga magoti sakafuni kwenye maji.

Fundi alimtazama yeye, si mimi.

"Sasa nimefeli, mwanangu?"

Mama Fomu akasimama, akaanza kuibandua ile barua ukutani kwa kucha.

"Iache," Fundi akasema. Akafikiri. "Au itoe. Inanisuta."

Mama Fomu akaitoa, akaikunja, akaitia mkobani.

Alhamisi alinichukua twende bodini. Alisema asiyekuwapo na lake halipo, na Fundi mkono umefungwa bendeji hawezi kuja. Meza ndefu, chupa za maji, watu wema wanaojuana. Mwenyekiti alikuwa na ripoti mbele yake, jalada linang'aa, na namba 37 kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza ndiye angeisoma. Mama Fomu akaisoma ile barua kwa sauti, tangu Hongera hadi sahihi yake. Kisha akaeleza birika.

"Pole sana," mwenyekiti akasema. "Tukio la kusikitisha. Lakini ni mmoja, na ripoti imeshachapishwa."

"Ni mmoja niliyemtembelea," Mama Fomu akasema. Akachukua nakala iliyokuwa mbele yake akaikata ile namba kwa kalamu. Akanyanyuka, akazunguka meza, akakata ya jirani, na ya jirani, na ya mwenyekiti, huku yeye ameishika upande wa pili. "Hawa wote huduma zinarudi Jumatatu. Nitakwenda kwao mmoja mmoja, saa moja asubuhi, kabla hawajavalishwa. Kanuni yangu ilikuwa ya kuwaheshimu. Nikaifanya ya kutoulizia zaidi."

Walimpa barua ya onyo. Nayo, nimeiona, imepigwa muhuri sawasawa. Ndivyo ilivyo: ya kumtupa mzee haikuhitaji kikao, ya kumrudisha imehitaji onyo. Waseme wanavyotaka.

Jumatatu nilirudi kwa Fundi. Ukutani, pale barua ilipokuwa, paliachwa alama ya gundi. Mkono ulikuwa unapona, ngozi ya waridi kama ya mtoto. Hakuniangalia. Nikamwogesha, nikamvisha shati, nikaanza vifungo kutoka chini, haraka haraka, nimeshazoea.

Nilipofika cha sita akaushika mkono wangu.

"Hicho cha juu," akasema, "naweza."

Nilikaribia kumjibu vibaya. Naweza tena! Nikatazama saa, dakika zilikuwa zinakwisha na uji haujawekwa jikoni. Miaka minne nilikuwa nimemfunga vyote sita, na sikuwahi kumuuliza.

Nikaondoa mkono, nikakaa kitandani karibu naye. Kifungo kilimtoroka mara nane. Niliiacha saa ikaenda. Mara ya tisa kikaingia.