Divai Iliyofunguliwa Mapema

Tangu mumewe Ximo azikwe, Vicenta hakuwa amemkaribisha mtu mezani kwake. Kabla ya hapo, wanawake watano aliofanya nao kazi katika ghala la kupakia machungwa walikuwa wakija kila Jumapili saa nne asubuhi, wakala mkate wa soseji na zeituni, wakanywa maji ya Valencia, ambayo si maji bali ni divai ya mapovu iliyochanganywa na maji ya machungwa. Msiba ulipokwisha, wenzake walikuwa wamekwisha kuzoea kukutana kwa mmoja wao, Fina. Vicenta aliwaalika upya, mmoja mmoja, na wote wakakubali. Alijua kwamba wasipokuja safari hii, hatakuwa na uso wa kuwaomba tena.

Asubuhi ya Jumapili ya mwisho wa Machi alikwenda shambani, nje kidogo ya mji. Machungwa ya dukani yalikuwapo, lakini kwao mgeni hakamuliwi chungwa la kununua ikiwa nyumba ina michungwa yake. Aliporudi, saa ya jikoni ilionyesha saa tatu na nusu. Akakamua, akachuja, akakoroga sukari mpaka ikayeyuka, akaliweka jagi kwenye barafu. Divai hutiwa mwisho, wageni wakiwa wameketi, kwa sababu mapovu hayakai.

Saa nne ilipotimia alisikia hatua kwenye ngazi. Akafungua chupa, akaanza kuimimina taratibu kando ya jagi, huku akisema kwa sauti, "Karibuni, mlango uko wazi."

Aliyechungulia ni Batiste, mzee wa ghorofa ya juu, akiwa na gazeti kwapani.

"Jirani, kizibo chako kimelia mpaka nimedhani fataki za sikukuu zimerudi. Nani anaoa?"

"Haoi mtu. Nina wageni."

Batiste akavitazama viti sita. "Wageni wenyewe wembamba hivi? Siwaoni."

"Wako njiani. Ndiyo kwanza saa nne."

"Saa nne ya wapi? Hii saa tano, mama. Saa zimesogezwa mbele usiku. Hiyo yako bado iko kwenye baridi."

Vicenta akaweka chupa mezani. Kila mwaka majira ya baridi yanapoisha, saa za nchi nzima husogezwa mbele kwa saa moja, na kazi ya kuisogeza ile ya jikoni ilikuwa ya Ximo. Mwaka wa msiba binti yao aliifanya, kabla hajahamia Ujerumani. Mwaka huu hakuwapo wa kuikumbuka.

Batiste alipoondoka, Vicenta aliifuata simu chumbani. Fina alikuwa amepiga mara kadhaa. Akampigia.

"Shoga, tumekugongea mpaka vidole vikauma," Fina alisema. "Kimya. Consuelo akasema huenda umezidiwa na huzuni, tusikusumbue. Tukaenda kula kwenye mkahawa wa pale uwanjani."

"Nilikuwa shambani. Saa yangu ilikuwa nyuma."

"Loo, Vicenta. Wewe na saa." Fina alicheka kidogo, kisha akaacha. Nyuma yake palisikika watoto na masufuria. "Sasa kila mtu yuko kwake anapika wali. Njoo basi ule na sisi. Nitakuongezea kiti."

Vicenta alikifikiria kiti hicho cha kuongezwa, pembeni mwa meza ya familia ya watu. Alikikalia mara nyingi mwaka uliopita, akala vizuri, akarudi nyumbani akiwa mpweke kuliko alivyotoka.

"Ahsante, Fina. Sitaki kuja kwenu. Nataka mje kwangu."

Fina alifunika sufuria.

"Jumapili ijayo ni Pasaka, wote tuna watoto," alisema hatimaye. "Jumanne asubuhi mimi naweza. Labda na Consuelo. Wengine siwasemei."

"Wawili wanatosha."

"Na saa nikwambie mimi?"

"Niambie wewe."

Vicenta alirudi mezani. Mapovu yalikuwa yamebaki machache, yakipanda moja moja katikati ya jagi. Kumwaga machungwa ya shamba lake hakuweza. Akajimiminia bilauri moja, akanywa akiwa amesimama dirishani, akisikiliza vyombo vikipangwa katika nyumba za wengine. Kinywaji kilikuwa kitamu, na kilikuwa kingi mno kwa mtu mmoja.